Jina Halimo Daftarini: Kutatua Mikwamo ya Kutafuta Ukoo wa Kiitalia katika Kumbukumbu za Manispaa na Parokia

Mtu akikwama katika kutafuta ukoo wake wa Kiitalia, mara nyingi huambiwa kwamba kumbukumbu ziliungua vitani. Kauli hiyo ni ya kweli mara chache kuliko inavyosemwa. Kwa kawaida hati ipo, isipokuwa anayeitafuta amefungua daftari lisilo lake: mji si ule, mwaka si ule, au aliyekuwa na kazi ya kuandika siku hizo hakuwa yule aliyedhaniwa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye dalili, yaani kile ambacho mtafutaji anakiona mbele yake anapokwama, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Kabla ya dalili yoyote, mambo mawili yakae sawa. Kwanza, Italia haina faharasa moja ya taifa ya vizazi, ndoa na vifo vya zamani. Kila manispaa, ambayo Waitalia huiita comune, iliandika watu wake yenyewe, na kila parokia vivyo hivyo. Pili, daftari la serikali liliandikwa kwa nakala mbili. Moja ilibaki katika ofisi ya manispaa, na ya pili ilipelekwa mahakamani, ambako baada ya miaka mingi huhamishiwa Archivio di Stato, hifadhi ya nyaraka iliyopo katika makao makuu ya mkoa. Kwa sehemu kubwa nakala hii ya pili ndiyo inayopigwa picha na kuwekwa bure katika tovuti ya serikali iitwayo Antenati, yaani “wahenga”. Ukiambiwa kwamba ofisi ya manispaa iliteketea, basi, swali linalofuata ni nakala ya mahakama iko wapi. Messina ni ya kutahadhari, kwa kuwa manispaa na mahakama zilikuwa katika mji uleule ulioangushwa na tetemeko la tarehe 28 Desemba 1908; lakini kijiji cha milimani ambacho mahakama yake ilikuwa umbali wa siku nzima kwa punda kina nafasi nzuri ya kuwa na angalau nakala moja iliyosalimika.

Familia inasema “Napoli”, lakini Napoli hayupo

Mhamiaji aliyeulizwa ng'ambo ametoka wapi hakutaja kijiji ambacho hakuna aliyekijua. Alitaja mji mkubwa wa karibu, au bandari aliyopandia meli, kama vile mtu wa Newala akiwa ugenini anavyojibu kwa mkato kwamba ametoka Dar es Salaam. Napoli, Genova na Palermo zilikuwa bandari za kuondokea, na majina yao yamebaki katika masimulizi ya familia nyingi kana kwamba ndiko asili yao ilikoanzia.

Mkwamo huu hautatuliwi nchini Italia. Unatatuliwa katika nchi aliyofikia mhamiaji, na mtu asifungue daftari lolote la Kiitalia kabla hajapata jina la manispaa. Kwa waliokwenda Marekani, orodha za abiria za kuanzia 1907 zinataja mahali pa kuzaliwa na jina la ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani. Hapa niseme neno juu ya ile hadithi maarufu kwamba karani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji huko New York, ndiye aliyebadilisha majina ya watu: orodha hizo ziliandikwa na kampuni ya meli bandarini huko walikotoka, na maofisa wa Ellis Island walizikagua tu. Ndiyo maana jina lililo katika orodha ya meli huwa karibu na asili ya Kiitalia kuliko lile la kwenye jiwe la kaburi. Njia nyingine ni ya kanisa. Amri ya Ne Temere, iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908, ilimtaka paroko aliyefungisha ndoa aijulishe parokia ambako kila mmoja wa wanandoa alibatizwa, ili ndoa iandikwe pembezoni mwa daftari la ubatizo. Kwa hiyo jalada la ndoa iliyofungwa parokiani ng'ambo baada ya mwaka huo linaweza kutaja jina la parokia ya kijijini lisilopatikana kwenye karatasi nyingine yoyote ya familia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, babu anayetafutwa pengine hakuwa mhamiaji kamwe, bali mmoja wa maelfu ya mateka wa kivita wa Kiitalia walioletwa Kenya wakati wa Vita Kuu ya Pili, wale ambao kanisa lao dogo bado limesimama kando ya barabara ya Mai Mahiu. Huyo hayumo katika orodha za abiria, lakini yumo katika kumbukumbu za jeshi. Kila kijana wa kiume aliandikishwa na manispaa katika liste di leva kufuatana na mwaka wake wa kuzaliwa, na aliyechukuliwa jeshini alifunguliwa foglio matricolare, ukurasa unaotaja wazazi wake, mahali alipozaliwa, urefu wake, kazi yake, vikosi alivyotumikia na mara nyingi kutekwa kwake. Kurasa hizo huhifadhiwa Archivio di Stato kwa wilaya za kijeshi, na faharasa yake hukusanya vijana wa mwaka mmoja kutoka wilaya nzima. Maana yake ni kwamba mtu anayejua mkoa na mwaka tu, bila kujua kijiji, anaweza kukipata kijiji kwa kupitia jeshi.

Hutokea pia kwamba jina la mji limepatikana lakini halimo kwenye ramani. Majina mengi yalibadilishwa enzi za Mussolini: Girgenti ikawa Agrigento na Terranova di Sicilia ikawa Gela mwaka 1927, na Monteleone ya Calabria ikawa Vibo Valentia mwaka uliofuata. Mipaka ya mikoa nayo ilihamishwa. Mkoa wa Terra di Lavoro ulifutwa mwaka 1927 na ardhi yake kugawiwa majirani, kisha mwaka 1945 ukarudishwa, mdogo kuliko awali, kwa jina la Caserta. Kwa hiyo manispaa isiyoonekana chini ya mkoa wake wa leo itafutwe chini ya mkoa wake wa zamani. Na kama hata hapo haionekani, huenda si manispaa bali ni frazione, kitongoji kilichoandikwa katika daftari la mji jirani.

Mji unajulikana, lakini madaftari yanaanza kwa kuchelewa mno

Italia iliungana mwaka 1861. Kabla ya hapo palikuwa na falme na himaya mbalimbali, na kila moja ilikuwa na utaratibu wake wa kuandika watu. Mtafutaji aliyezoea Kusini akihamia Kaskazini na matarajio yaleyale atakata tamaa bure, na wa Kaskazini akienda Kusini atafurahi kupita kiasi.

Kusini mwa bara, yaani Campania, Puglia, Basilicata, Calabria, Molise na Abruzzo, usajili wa serikali ulianza mwaka 1809 chini ya utawala wa Kifaransa, na Wabourbon, ukoo wa kifalme wa Napoli, waliporudi hawakuufuta. Sisilia ilianza 1820. Huko, basi, mtu anaweza kushuka ngazi kwa ngazi kwa hati za serikali peke yake hadi kwa watu waliozaliwa katikati ya karne ya 18, kwa kuwa wazee waliofariki baada ya 1809 walitajwa pamoja na wazazi wao.

Katika sehemu kubwa ya Kaskazini na Kati, usajili wa Napoleon ulidumu miaka michache, takriban 1806 hadi 1814 au 1815, ukafutwa alipoanguka. Kisha likafuata pengo ambalo si pengo. Katika Lombardia na Veneto chini ya Austria, paroko ndiye aliyekuwa msajili wa serikali. Katika Ufalme wa Sardinia, uliojumuisha Piemonte, kuanzia 1838 maparoko waliandika nakala mbili na moja ikaenda serikalini. Katika nchi za Papa aliandika paroko kwa ajili ya Kanisa. Usajili wa kitaifa ulianza tarehe 1 Januari 1866, lakini Veneto na Mantova, zilizojiunga na Italia mwaka huohuo, pamoja na Roma na Lazio, ziliusubiri hadi 1871. Trentino na Alto Adige, zilizokuwa chini ya Austria hadi mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, zilibaki na madaftari ya maparoko hadi mwisho wa 1923. Anayeandikia manispaa ya Trentino kuomba hati ya kuzaliwa ya 1890 amegonga mlango usio wenyewe; wabatizwa wa jimbo la Trento wa 1815 hadi 1923 wamewekewa orodha ya wazi ya kutafutia iitwayo Nati in Trentino.

Nyuma ya hapo kote limebaki Kanisa. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliamuru mwaka 1563 kwamba kila paroko atunze daftari la ubatizo na la ndoa, na mwaka 1614 Papa Paulo wa Tano akaongeza la vifo na lile la stato delle anime, hesabu ya roho za parokia nyumba kwa nyumba. Hili la mwisho ndilo ningelikimbilia kwanza ningeruhusiwa kufungua moja tu. Paroko alipita mlango kwa mlango karibu na Pasaka akiandika mkuu wa nyumba, mkewe, watoto na umri wao, bibi mjane anayeishi chumba cha nyuma na kijakazi, na ukurasa mmoja wa namna hiyo unaweza kufanya kazi ya hati kumi. Tusisahau kwamba si kila Mwitalia alikuwa Mkatoliki: Wawaldensia, Waprotestanti wa mabonde ya Piemonte, na jumuiya za Kiyahudi walikuwa na kumbukumbu zao wenyewe.

Mwaka ni sahihi, lakini jina halimo katika faharasa

Faharasa iliandikwa na karani kwa haraka mwishoni mwa mwaka, naye alikuwa na mazoea yake. Wengine walipanga kwa jina la kwanza badala ya la ukoo, kwa hiyo Giuseppe wote wako pamoja. D'Angelo anaweza kuwekwa kwenye D au kwenye A, na huenda ndugu yake wa tumbo moja ameandikwa Di Angelo au De Angelis. Herufi moja kuwa mbili si kosa la kumkatisha mtu tamaa. Msomaji wa Kiswahili aliyewahi kuona Juma na Jumaa katika vyeti vya mtu mmoja hahitaji maelezo zaidi.

Sababu ya pili ni mwaka wenyewe. Mtoto aliyezaliwa siku za mwisho za Desemba aliweza kuandikishwa Januari na kuingia daftari la mwaka unaofuata. Kwa hiyo hakuna utafutaji wa mwaka mmoja: hutafutwa mwaka unaotajwa, miwili kabla na miwili baada, na kama kuna faharasa ya miaka kumi, inayoitwa indice decennale, huanzwa na hiyo.

Ya tatu husahaulika na wengi. Daftari la baada ya 1866 limegawanywa katika sehemu, na Sehemu ya II, yenye mfululizo A na B, ndiyo iliyopokea hati zisizofuata njia ya kawaida, zikiwemo zilizonakiliwa kutoka manispaa nyingine au ng'ambo. Mtu aliyepitia Sehemu ya I pekee hajamaliza daftari.

Hati ikipatikana, mtoa taarifa asipitwe. Baba ndiye aliyepaswa kumpeleka au kumtangaza mtoto, lakini mara nyingine aliyefika mbele ya ofisa ni levatrice, mkunga, na karani alieleza kwa nini: baba yuko mbali na manispaa. Kwa hati za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, sentensi hiyo fupi pengine ndiyo tarehe bora zaidi uliyo nayo ya safari ya kwanza ya babu kwenda Amerika.

Wamepatikana watatu wenye jina lilelile

Hapa ndipo shajara nyingi za ukoo zinapoharibika, na zinaharibika kimyakimya, kwa sababu mtafutaji haoni kwamba amekwama, anaona amefanikiwa.

Chanzo ni mila ya majina. Mtoto wa kiume wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa bibi. Msomaji wa Kikuyu atatabasamu, maana ndiyo mila ya kwao pia. Matokeo yake ni kwamba Domenico mwenye wana watano atapata, mambo yakienda kawaida, wajukuu watano wanaoitwa Domenico, wote wenye jina moja la ukoo, wote katika kijiji kimoja, wakiwa wamepishana miaka michache. Zaidi ya hayo, mtoto akifa jina lake hurithiwa na atakayezaliwa baadaye. Katika mji mmoja wa Basilicata niliwahi kumfuata Domenico wa mwaka 1851 kwa wiki tatu, nikamwoza, nikampa watoto sita. Siku moja nikipitia vifo vya 1853 kutafuta mtu mwingine kabisa nikamkuta amezikwa akiwa na miaka miwili. Domenico wangu halisi alikuwa mdogo wake aliyezaliwa 1854, akapewa jina la marehemu. Tangu hapo sikubali hati ya kuzaliwa ya mtu yeyote kabla sijapitia vifo vya watoto vya miaka mitano inayofuata.

Kitenganishi cha kwanza ni viambishi viwili vidogo. Domenico di Antonio ni Domenico ambaye baba yake Antonio yu hai. Domenico fu Antonio ni yule ambaye Antonio ameshafariki. Neno fu lilifanya kazi ya “marehemu” yetu, na makarani waliliheshimu kwa makini ya kisheria. Kwa hiyo kama hati ya Machi inasema di na ya Oktoba inasema fu, kifo cha Antonio kiko kati ya miezi hiyo saba, kinakusubiri. Na kama Domenico ni fu Antonio mwaka 1875 wakati Antonio wako alikufa 1882, huyo ni binamu.

Kitenganishi cha pili ni mama. Mwanamke wa Kiitalia alibaki na jina la ukoo la baba yake katika hati zote hadi kifo chake, na hutafutwa kwa hilo hata akifa mjane wa miaka tisini. Wanaotoka katika kumbukumbu za Kiingereza, ambako mke huchukua jina la mume, humtafuta bibi chini ya jina la babu na hawamwoni. Jina la mama likiambatana na la baba, wale Domenico watano hubaki mmoja.

Kuna miji ambako hata hayo hayatoshi, kama Chioggia karibu na Venezia, ambako koo za Boscolo na Tiozzo ni nyingi kiasi kwamba jina la utani la tawi, linaloitwa detto, liliingia katika kumbukumbu rasmi. Likiwepo liandike daima; ndilo jina halisi la familia kwa maana ya kuitofautisha na nyingine.

Tarehe za hati mbili hazilingani

Tofauti ya siku moja hadi tano ina jibu jepesi. Tarehe iliyo juu ya hati ya serikali ni siku ya kutoa taarifa, si ya kuzaliwa. Sheria ya 1865 iliruhusu siku tano, na siku yenyewe ya kuzaliwa imo ndani ya maelezo, ikiandikwa kwa maneno, wakati mwingine kwa neno moja tu: ieri, jana.

Tofauti ya miezi miwili ina jibu la kuchekesha kidogo. Makarani na maparoko walifupisha miezi kwa hesabu ya Kirumi, ambayo mwaka wake ulianza Machi: 7bre ni settembre, 8bre ni ottobre, 9bre ni novembre na Xbre ni dicembre. Anayesoma 7bre kama mwezi wa saba amemzaliwisha mtu Julai badala ya Septemba.

Tofauti ya siku moja kamili, hasa kati ya daftari la kanisa la karne ya 18 na masimulizi au hati nyingine, ina chanzo ambacho msomaji wa Kiswahili atakielewa haraka kuliko Mwitalia wa leo. Kabla Wafaransa hawajaleta saa zao, sehemu kubwa ya Italia ilihesabu saa kuanzia machweo. Kengele ya Ave Maria ilipolia jioni, siku ilikuwa imekwisha na nyingine imeanza, na saa zikahesabiwa moja hadi ishirini na nne. Paroko akiandika kwamba mtoto alizaliwa alle due di notte, mtu aliyejifunza Kiitalia cha darasani atasoma saa nane za usiku wa manane. Sivyo: ni saa mbili za usiku, kama tunavyosema sisi. Tofauti na yetu ni kwamba saa hiyo ilifuata jua lenyewe, kwa hiyo ilisogea kwa majira, na ad ore ventidue, saa ya ishirini na mbili, ni saa mbili kabla ya machweo, iwe Juni au Desemba. La muhimu kwa mtafutaji ni mpaka wa siku. Usiku wetu wa kuamkia Ijumaa kwao ulikuwa tayari Ijumaa. Mtoto aliyezaliwa Alhamisi baada ya kengele aliweza kuandikwa tarehe ya Ijumaa, na hati zote mbili zikawa za kweli.

Umri, kwa upande mwingine, usiuamini hata siku moja. D'anni quaranta, “wa miaka arobaini”, katika hati ya kifo ni makadirio ya jirani aliyepeleka taarifa.

Watoto wapo, ndoa haionekani

Kwanza, swali la mahali. Kwa desturi ndoa ilifungwa katika parokia ya bibi harusi, na bibi harusi aliweza kutoka kijiji cha pili. Matangazo ya ndoa, hata hivyo, yalibandikwa kwenye miji ya wote wawili, kwa hiyo daftari la matangazo la mji wa bwana harusi litakuelekeza kwa mwenzake.

Pili, kipindi. Kusini, tangu Wabourbon waliporudi hadi 1865, hati ya ndoa ya serikali si hati ya ndoa kwa maana yetu. Inaitwa solenne promessa, ahadi rasmi ya kufunga ndoa mbele ya Kanisa, na ukurasa una safu mbili: upande mmoja ahadi mbele ya ofisa, upande mwingine taarifa ya paroko kwamba ndoa imeadhimishwa, pamoja na tarehe yake. Safu ya pili ikiwa tupu, ama paroko hakurudisha karatasi, ama ndoa haikufungwa. Tusinakili ahadi na kuiita ndoa.

Tatu, na hili ndilo linalosumbua zaidi: kati ya 1866 na Mkataba wa Laterano wa Februari 1929 baina ya Italia na Papa, serikali ilitambua ndoa ya bomani tu na Kanisa likatambua ya altareni tu. Waliotaka zote mbili walifunga mara mbili, na tarehe mbili za wanandoa hao si kosa la mtu. Wengi waliona ya altareni inatosha. Watoto wao, ingawa wazazi walikuwa mume na mke machoni pa kijiji kizima, waliandikwa bomani kama waliozaliwa nje ya ndoa, wakati mwingine kwa maneno kwamba mama hakubali kutajwa. Anayekutana na maneno hayo asikimbilie kudhani aibu. Afungue daftari la ndoa la parokia kwanza. Wazazi wa namna hiyo walipoamua baadaye kufunga ya bomani, hati ya ndoa iliorodhesha watoto waliokwishazaliwa ili kuwahalalisha, nayo ni hazina.

Hazina kubwa zaidi, hata hivyo, ni jalada la viambatisho, processetti au allegati, hasa Kusini. Wachumba walitakiwa kuleta nakala za ubatizo wao. Na kama baba wa mchumba alikuwa amefariki, cheti cha kifo chake, na mara nyingi cha babu mzaa baba pia, kwa kuwa idhini ya mzee ilihitajika na ilibidi kuthibitisha kwamba mzee huyo hayupo. Kwa njia hiyo ndoa ya 1825 inaweza kubeba ndani yake nakala ya kifo cha 1788 iliyotolewa katika daftari la kanisa ambalo lenyewe pengine halipo tena. Majalada haya hayana faharasa nzuri na picha zake ni nyingi, jambo linalowafanya watu wayaruke. Wasiyaruke.

Baba hajulikani, au jina la ukoo linaanzia hewani

Mtoto aliyeachwa aliwekwa katika ruota, sanduku la mbao linalozunguka ukutani mwa hospitali au nyumba ya watawa, na aliyemweka hakuonekana. Jina alipewa na taasisi: Esposito huko Napoli, Proietti Roma na Umbria, Innocenti kutokana na Ospedale degli Innocenti ya Firenze, Colombo huko Milano. Kuwa na jina hilo leo hakumaanishi kwamba babu wa karibu aliokotwa. Jina lilirithiwa kwa vizazi. Lakini ukifika kwa yule wa kwanza, hati yake hueleza nguo alizovikwa na alama aliyoachiwa, kama nusu ya medali au utepe, ili mzazi akirudi amtambue. Fuatilia pia pembezoni mwa hati na miaka inayofuata, kwa sababu wengine walikuja kutambuliwa na mama yao. Pasipo utambuzi huo, madaftari ya taasisi yataonyesha mama mlezi aliyekabidhiwa mtoto, na hapo ndipo ngazi inapoishia.

Hati ipo mbele yako, haisomeki

Hati za serikali ni fomu zenye maneno yaleyale, kwa hiyo soma kwanza ya karani huyohuyo iliyo safi, kisha rudi kwenye yako. Za kanisa mara nyingi ni za Kilatini, na majina hugeuzwa: Ioannes ni Giovanni, Aloysius ni Luigi, Iacobus ni Giacomo, Hieronymus ni Girolamo. Neno quondam, au q.m kwa ufupi, ni fu ileile. Wasimamizi wa ubatizo waandikwe daima. Mara nyingi ni shangazi na wajomba ambao bado hujawapata.

Barua imetumwa, jibu halijaja

Ofisi ya manispaa ndogo ina mtu mmoja au wawili, na barua ya kurasa tatu kwa Kiingereza kuhusu historia ya familia haina pa kushikwa. Andika Kiitalia chepesi, mtu mmoja kwa barua, tukio moja, mwaka mmoja au miaka isiyozidi mitano, na utaje majina ya wazazi. Taja pia unachotaka: certificato ni muhtasari mkavu usiokufaa, omba copia integrale, nakala ya ukurasa mzima pamoja na maandishi ya pembezoni, ambamo ndoa ya baadaye na hata kifo huandikwa. Kwa hati ambazo hazijatimiza miaka 70, nakala kamili hupewa mhusika mwenyewe au mwenye sababu ya kisheria, kwa hiyo eleza uhusiano wako na uuthibitishe. Uliza gharama mapema, kwa kuwa tangu 2025 sheria inaziruhusu manispaa kutoza hadi euro 300 kwa hati ya zaidi ya miaka mia moja ya mtu mwingine. Ikiwa hati hiyo iko katika Antenati, hakuna sababu ya kuiomba manispaa kwa ajili ya utafiti tu.

Paroko hana wajibu wa kisheria wa kukujibu. Madaftari ni ya Kanisa, naye ana parokia tatu na misiba miwili wiki hii. Kabla ya kumwandikia, uliza archivio diocesano, hifadhi ya nyaraka ya jimbo, kama madaftari ya zamani yamehamishiwa huko, maana mara nyingi yamehamishwa, na huko kuna mtu ambaye kazi yake ndiyo hiyo. Kama bado yako parokiani, andika kwa heshima, taja sadaka utakayotoa, usitume barua wakati wa Kwaresima, na subiri miezi miwili kabla ya kukumbusha.